Uvimbe wa taya pale Mulago: kisa cha seli iliyojikata vibaya

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dk. Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Dk. Denis Burkitt, amtazamie mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba hadi sura imepotea. Uvimbe haukuwa upande mmoja. Ulikuwa kwenye taya la juu, kulia na kushoto, na kwenye taya la chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yanacheza.

Burkitt, Mwairishi aliyefika Uganda mwaka 1946 na kuanzia kazi Lira, alikuwa ameshapasua wagonjwa wengi, lakini huu alishindwa kuupa jina. Usaha wa taya huanzia kwenye jino bovu, na penye jino hapo ndipo panapovimba. Saratani nayo, kwa walivyofundishwa madaktari wote, huanzia mahali pamoja ndipo isambae. Sehemu nne kwa mpigo, tena zimelingana kulia na kushoto, hazikuingia katika fungu lolote. Alimpiga mtoto picha, akaandika alichokiona, mambo yakaishia hapo.

Wiki chache baadaye alikuwa kwenye hospitali ya Jinja. Akatupa jicho dirishani, akaona mtoto mwingine amesimama nje na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka kwenda kumwangalia. Sehemu zilezile nne. Alipompapasa tumboni akakuta uvimbe humo pia.

Kitu cha ajabu kikitokea mara moja unaweza kukiacha kipite. Kikijirudia kwa umbo lilelile, katika mji mwingine, inabidi utafute mafaili. Burkitt alirudi Mulago akayafukua. Akakuta watoto wengi waliokuwa na uvimbe wa taya walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini, ovari au tezi ya koo, na kila mmoja alikuwa ameandikiwa jina la ugonjwa kufuatana na kiungo kilichoonekana kwanza. Huyu saratani ya taya, yule saratani ya figo, kumbe ugonjwa ni mmoja, huu tunaouita leo limfoma ya Burkitt. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya watoto 38 katika British Journal of Surgery. Wala haukuwa ugonjwa mpya: hata kumbukumbu za hospitali ya Mengo, iliyofunguliwa na Dk. Albert Cook mwaka 1897, zilikuwa na watoto wa namna hiyo.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama habari ya daktari na ramani yake, na ramani tutaifikia. Mimi nakichambua kwa sababu nyingine. Sijui ugonjwa mwingine unaoonyesha waziwazi namna hii, hatua baada ya hatua, seli ya kawaida hupitia nini hadi igeuke saratani. Tena ni kisa ambacho kila aliyetafuta mkosaji alimpata: mmoja akapata mbu, mwingine virusi, mwingine kromosomu. Wote walikuwa sahihi. Wote, kila mmoja peke yake, hawakutosha.

Uvimbe nne, seli za aina moja

Fumbo la sehemu nne lilifumbuliwa na watu wa maabara. Gregory O'Conor na Jack Davies, waliokuwa wakisoma vinyama vya wagonjwa hao hapo Kampala, walionyesha kwamba huo haukuwa uvimbe wa mfupa hata kidogo. Zilikuwa chembe nyeupe za damu za jamii ya limfosaiti, yaani ugonjwa ni limfoma, saratani ya limfosaiti. Limfosaiti kazi yake ni kutembea. Inatoka kwenye uboho, inaingia kwenye damu, inakaa kwenye mitoki, inakwenda kwenye bandama, inarudi tena kwenye damu. Seli ya aina hiyo ikiharibika, watoto wake hawana sababu ya kukaa mtaa mmoja.

Je, wote ni watoto wa seli moja kweli? Hili lilipimwa kwa njia ambayo kila nikiisoma huwa naifurahia. Mwanamke ana kromosomu X mbili (kromosomu ni uzi wa urithi uliokunjwa ndani ya seli), moja ya baba na moja ya mama, lakini kila seli yake hutumia moja tu na kuifunga nyingine tangu angali kiinitete tumboni. Sasa kuna kimeng'enya kinachoitwa G6PD ambacho jeni yake imo kwenye X, na Afrika tuna aina zake zaidi ya moja. Msichana aliyerithi aina tofauti kutoka kwa kila mzazi, ukipima nyama yake ya kawaida utakuta mchanganyiko wa aina zote mbili, kwa sababu baadhi ya seli zimeshika ya baba na nyingine ya mama. Philip Fialkow na wenzake, akiwemo Peter Clifford aliyekuwa akitibu watoto hawa Nairobi, walipima uvimbe wenyewe na kutoa matokeo mwaka 1970. Uvimbe ulionyesha aina moja tu. Mamilioni kwa mamilioni ya seli, na zote zimerithi uamuzi uliofanywa na bibi yao mmoja.

Kwa hiyo swali linakuwa dogo na gumu zaidi: seli ile moja ilipatwa na nini?

Seli inayoruhusiwa kukata DNA yake

Turudi nyuma kidogo. Karibu kila seli ya mwili ina kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu 46. Ukizinyoosha zote na kuziunga unapata uzi wa DNA wa takriban mita mbili, umekunjwa ndani ya kitu kisichoonekana bila hadubini. Juu ya uzi huo yamepangwa maelekezo ya kutengeneza protini, yaani jeni, kama 20,000 hivi. Seli ya ngozi na seli ya ini zina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

Seli haigawanyiki kwa kujiamulia. Husubiri ishara. Ikiipata hukua, hunakili DNA yote, hukagua nakala, kisha hugawanya kromosomu sawa kwa sawa. Njiani kuna ukaguzi, na mkaguzi anayejulikana zaidi ni protini iitwayo p53. Uharibifu ukiwa mdogo, p53 huisimamisha seli hadi itengenezwe. Ukiwa mkubwa, seli huamriwa kujiua, na hufanya hivyo kwa utaratibu: husinyaa, hukatika vipande vilivyofungwa vizuri, kisha makrofaji, zile seli kubwa zinazokula taka, huvimeza. Jirani hapati hata habari. Ndani ya mwili wa mtu mzima jambo hili linatokea kila siku kwa seli nyingi mno, na ndilo linalotuweka hai.

Ili seli iwe saratani, basi, yapo angalau mambo mawili yanayotakiwa kutokea ndani ya seli hiyohiyo. Ishara ya kugawanyika isizimike, na amri ya kujiua isitekelezwe. Moja bila la pili halifiki mbali.

Limfosaiti iliyoharibika kwa watoto wa Mulago ni ile iitwayo seli B, inayotengeneza kingamwili. Mwili hauwezi kuhifadhi jeni iliyo tayari kwa kila kijidudu kitakachowahi kuja, kwa hiyo seli B hujitungia. Inapozaliwa kwenye uboho hukata vipande vya DNA na kuviunga upya ili ipate jeni ya kingamwili isiyofanana na ya jirani yake. Ikikutana na adui inayemtambua, huingia ndani ya mitoki, bandama au mafindofindo na kuanza kuzaana haraka. Hapo kimeng'enya kiitwacho AID huwashwa. Kazi ya AID ni kuharibu DNA kwa makusudi: hubadilisha herufi ndani ya jeni za kingamwili, na husababisha mikato ili aina ya kingamwili ibadilike. Seli zilizobahatika kumshika adui vizuri zaidi hubaki. Zilizobaki hufa.

Tazama hatari iliyomo humo. Seli inazaana kwa kasi na, wakati uleule, inaikata DNA yake yenyewe. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye moyo wa kisa chote, na hapa ndipo maelezo mengi ya saratani yanayotolewa kwa wananchi huruka, yakakimbilia sigara na pombe. Seli hii haikuhitaji sumu kutoka nje. Kisu ilikuwa nacho yenyewe, na ni kisu cha halali, kinachotukinga na maradhi.

Siku moja AID hukosea shabaha. Badala ya kuishia kwenye jeni za kingamwili, zilizo kwenye kromosomu namba 14, mkato mwingine hutokea kwenye kromosomu namba 8, karibu na jeni iitwayo MYC. Sasa kuna ncha nne zinaning'inia. Protini zinazounga DNA hazisomi kilichoandikwa, zinaunga ncha zinazozikuta karibu, na mara moja moja huunga ncha ya 8 na ncha ya 14.

Mwaka 1972 watafiti Manolov na Manolova waliona chini ya hadubini kwamba kromosomu 14 ya uvimbe huu ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake nchini Sweden wakaonyesha kipande hicho kimetoka kwenye kromosomu 8. Mwaka 1982 maabara za Marekani zikajua kilichobebwa: MYC. Kwa wagonjwa wanane katika kumi hivi mbadilishano ni wa 8 na 14. Waliobaki ni wa 8 na 2, au 8 na 22, na hizo mbili nazo ndiko ziliko jeni nyingine za kingamwili. Hilo pekee lingetosha kumtambulisha mkataji.

MYC kwa kawaida huwashwa kwa muda mfupi, ishara ya kukua inapofika. Protini yake haikai: nusu ya iliyotengenezwa huwa imeshavunjwa ndani ya nusu saa hivi. Lakini eneo la jeni za kingamwili ndani ya seli B halizimwi, maana ndiyo kazi ya seli hiyo. MYC ikishapandikizwa pale ni mpangaji aliyehamia kwenye nyumba yenye umeme usiokatika. Protini inayotoka inaweza kuwa ileile ya zamani, bila herufi iliyobadilika. Kilichoharibika ni mahali ilipo.

Hesabu ya siku thelathini

Uvimbe huu hujirudufu kwa muda wa siku moja hadi mbili, na hakuna saratani nyingine ya binadamu inayokua kwa kasi kuizidi. Ukianza na seli moja, mizunguko 30 inakupa zaidi ya seli bilioni moja, ambazo ni kama gramu moja ya nyama, donge la ukubwa wa harage. Kwa hesabu ya karatasini hiyo ni miezi miwili au hata mmoja. Mizunguko kumi zaidi, na donge ni kilo. Ndiyo maana mama anaweza kusema, na asiwe anakosea, kwamba mwezi uliopita mtoto alikuwa mzima.

Chini ya hadubini picha yake ni ya pekee. Seli za ukubwa wa kati, zilizofanana kama zimetoka kwenye kalibu moja, zimebanana na kushika rangi ya buluu nzito, na ndani yake vitundu vidogo vyeupe vya mafuta. Ukipima alama ya Ki-67, inayoonyesha seli zilizo kwenye mzunguko wa kugawanyika, karibu zote zinawaka. Halafu katikati ya buluu hiyo yametawanyika madoa meupe. Wanapatholojia huiita picha hii anga lenye nyota.

Nyota hizo ni makrofaji zilizojaa mabaki ya seli zilizojiua. Yaani hata ndani ya uvimbe unaokimbia hivi, seli nyingi zinaendelea kufa kwa amri. Sababu ni MYC yenyewe. Ikiwashwa kupita kiasi, inasukuma seli igawanyike na wakati huohuo inaamsha njia ya kujiua, kinga ya kale inayoishuku seli yoyote inayokua bila ruhusa. Seli yenye mbadilishano wa 8 na 14 bila kitu kingine ina uwezekano mkubwa wa kufa kimyakimya. Watu wasio na ugonjwa wowote wamekutwa na seli chache zenye hitilafu za namna hii kwenye damu, na hazikuwafanya chochote.

Kwa hiyo aliyesalia kutafutwa ni aliyeifunga amri ya kujiua.

Sampuli iliyochelewa na ukungu

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliokaa kumsikiliza alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Aliposikia kwamba uvimbe huu unafuata joto na mvua, alishawishika kuwa kuna kijidudu. Wakakubaliana sampuli zitumwe kwa ndege kutoka Entebbe hadi London. Zaidi ya miaka miwili zilitumwa, na zaidi ya miaka miwili hakuna kilichoonekana.

Tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kichupa kilipomfikia Epstein maji yake yalikuwa yamechafuka. Kwa kawaida hiyo ni dalili ya bakteria, na kitu cha namna hiyo hutupwa. Yeye aliweka tone chini ya hadubini kabla ya kutupa, akakuta seli za uvimbe zilizo hai, zimejitenga na nyama na zinaelea. Safari ndefu ilikuwa imezitikisa. Akazikuza hivyohivyo zikielea, na kwa mara ya kwanza seli za ugonjwa huu zikaendelea kuishi maabarani. Mwezi Februari 1964, kwa hadubini ya elektroni, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong, aliyetoka Trinidad, waliona ndani ya seli hizo virusi vya jamii ya hepesi ambavyo havikujulikana. Makala yao katika jarida la Lancet ilitoka Machi 28 mwaka huo. Virusi vikaitwa Epstein-Barr, kwa kifupi EBV.

Hapo watu wengi walidhani kesi imekwisha. Kisha Werner na Gertrude Henle wa Philadelphia wakaanza kupima damu za watu wa kawaida, na aibu ikawa kwamba karibu kila mtu mzima anavyo virusi hivyo, awe Mmarekani au Mganda. Huambukizwa kwa mate, kwa mtoto mara nyingi bila dalili yoyote, na hukaa maisha yote ndani ya seli B. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo, huenda pamoja na wewe unayesoma.

Basi vinafanya nini kwa mtoto huyu? Vikishaingia kwenye seli B, EBV hutaka seli hiyo iishi muda mrefu, kwa kuwa ndiyo nyumba yao, na hutoa vitu vinavyodhoofisha njia ya kujiua. Ndani ya seli za uvimbe huzima karibu jeni zao zote na kubakiza chache, hasa protini EBNA1 inayohakikisha DNA ya virusi inagawanywa pamoja na ya seli. Kwa kujificha hivyo, seli za ulinzi haziwezi kuitambua seli iliyoambukizwa. Kwa watoto wa Afrika ya kitropiki karibu kila uvimbe una EBV ndani ya kila seli.

Ila limfoma ya Burkitt ipo pia Ulaya na Marekani, kwa nadra, zaidi tumboni kuliko kwenye taya, na huko uvimbe mwingi hauna EBV. Seli zimepata njia nyingine ya kuifunga amri, mara nyingi kwa kuharibu jeni ya p53 au nyenzake. Virusi vinaweza kukosekana. MYC iliyohama haikosekani. Mtu akiniuliza kipi ni kisababishi, ningemwelekeza kwenye tofauti hiyo kabla sijajibu neno.

Ramani, mbu na Mara

Ramani ilikuja hivi. Burkitt alituma karatasi zenye picha kwenye hospitali za Afrika nzima akiuliza kama wamewaona watoto wa namna hii. Majibu yalichora mkanda kando ya ikweta, lakini mkanda wenye matundu. Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari aina ya Ford wakaenda safari ya wiki kumi na maili 10,000 kutafuta ukingo wa mkanda huo kuelekea kusini. Waligundua kwamba ukingo haukuwa mstari wa latitudo, ulikuwa wa mwinuko. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ugonjwa hakuna. Teremka bondeni, upo. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, alikuwa ameshatambua ramani hiyo: ni makazi ya mbu.

Walidhani mbu anabeba virusi vya saratani. Sivyo. Mbu anabeba malaria, na malaria ya falsiparamu, ikimrudia mtoto mwaka mzima, huamsha seli B bila kupumzika. Huko kwenye mitoki na bandama, AID inabaki imewashwa. Protini za vimelea zinaweza kuzichochea moja kwa moja seli B zilizobeba EBV. Na seli za ulinzi zinazopaswa kuzidhibiti zinachoka. Malaria haigusi jeni ya MYC. Inaongeza tu idadi ya seli zilizoshika kisu na kuacha mlango wazi kwa muda mrefu.

Magharibi mwa Kenya hili limefuatiliwa kwa watoto wachanga. Kisumu, kwenye malaria nyingi, zaidi ya theluthi moja ya watoto waliofuatiliwa walikuwa na EBV kabla hawajatimiza miezi sita. Nandi, juu milimani, ni kama mmoja kati ya wanane. Virusi ni vilevile, ila vinamkuta mtoto ambaye kinga yake haijapevuka.

Je, ukiondoa malaria ugonjwa unapungua? Jaribio kubwa lilifanyika North Mara, Tanzania, kuanzia 1977 hadi 1982, watoto wa chini ya miaka kumi wakipewa klorokwini. Idadi ya wagonjwa ilishuka, kisha ikapanda tena baadaye. Wengine wamelitumia kama ushahidi wa mwisho, na mimi siwafuati huko, kwa sababu kushuka kulianza kabla dawa haijagawiwa. Watafiti wenyewe waliandika hivyo bila kuficha. Ushahidi wenye nguvu zaidi kwangu ni ule wa ndani ya seli, wa AID, kwa kuwa unaeleza mkato uliopo kwenye kila uvimbe.

Watu wa kando ya Ziwa Victoria wataniuliza kuhusu mnyaa, ule mmea wa utomvu mweupe wanaoutumia kwa uzio na dawa. Maabarani utomvu wake huamsha EBV iliyolala, na mmea umekutwa zaidi kwenye makazi ya wagonjwa. Huenda unachangia. Nisingeuweka safu moja na malaria.

Dawa, na kwa nini dripu hutangulia

Kampala ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji wa uvimbe nne za uso haukuwa na maana. Burkitt alibaki na dawa zilizokuwa zinajaribiwa, akazitoa kwa dozi ndogo, mara nyingine moja tu. Uvimbe uliyeyuka. Watoto waliofika uso umefunga macho walirudi sura ndani ya wiki chache, na wachache hawakuugua tena. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, John Ziegler akikiongoza, na ndicho kilichozaa taasisi ya saratani ya Uganda.

Siri ya mafanikio hayo ni ileile kasi. Saiklofosfamaidi, mojawapo ya dawa hizo, huharibu DNA, na seli inayoumia zaidi ni ile inayonakili DNA yake wakati huo. Kwenye uvimbe ambao karibu kila seli iko kwenye mzunguko, hakuna pa kujificha. Lakini seli bilioni kadhaa zikifa ndani ya siku mbili humwaga vilivyomo ndani mwao kwenye damu. Potasiamu huweza kusimamisha moyo. DNA iliyovunjika hugeuka asidi ya uriki na kuziba figo. Kwa hiyo muuguzi anayemwekea mtoto dripu na kumpa alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi hiyo, siku moja kabla ya kemo hacheleweshi matibabu. Anaziandaa figo kwa mazishi ya seli hizo. Na kwa kuwa baadhi ya dawa hazivuki vizuri kwenda kwenye ubongo, methotreksati, dawa nyingine ya saratani, huingizwa kwa sindano mgongoni hata kama mtoto hana dalili za kichwa.

Katika nchi tajiri zaidi ya watoto wanane katika kumi hupona. Kwetu ni wachache kuliko hapo, na dawa hizo zipo. Wanachelewa kufika, kinyama kinakaa maabara, na wengine wanarudi nyumbani baada ya dozi ya kwanza kwa sababu uvimbe umeisha kuonekana na nauli ya kurudi hospitali haipo. Kuisha kuonekana maana yake zimebaki seli chache zisizoonekana. Kwa uvimbe unaojirudufu kila siku mbili, siku ishirini za kusubiri nauli ni mizunguko kumi, na kila seli iliyobaki imekuwa 1,024.